Nusu Chapati ya Nzilani

Kikundi cha Ngwatanio kina sheria moja kuhusu chakula, na kila anayejiunga huambiwa kabla hajaonyeshwa mahali pa kuweka jembe lake: mwenye boma anayepikia mwethya, yaani wanakikundi waliokuja kumfanyia kazi kwa zamu, hali mpaka mchimbaji wa mwisho awe amepakuliwa. Anaonja chumvi kwa ncha ya kijiko, basi. Chakula cha boma kikiwapungukia watu waliokuja kulichimbia, kazi husimama hapo hapo na majembe huenda kwa boma linalofuata. Wageni huiona sheria hii kuwa kali. Mimi siioni hivyo. Mtu aliyeshinda shimoni kwenye jua la kwetu Kanyangi kwa ajili ya maji yako hastahili kukuta sufuria imekwanguliwa.

Ndila, mke wa Musembi, aliijua sheria hiyo vizuri. Aliwahi hata kumsuta mama mmoja aliyeonekana akilamba mwiko. Naandika habari zake kwa sababu watu wengi wanazisimulia vibaya. Wanasema alikuwa mlafi, wanacheka, wanapita. Ulafi ungekuwa jambo dogo.

Alizaliwa Kilungu, kwenye vilima, ambako maji hushuka yenyewe na mtoto akitaka parachichi hupanda mti. Akaolewa kwetu, ambako maji huchimbuliwa kwenye mchanga wa mto na kubebwa kwa mtungi. Mume wake ni fundi wa tairi huko Mtito Andei, huziba panchari za malori usiku na mchana, na huja nyumbani mwisho wa mwezi akiwa amechoka. Kwa hiyo Ndila aliishi zaidi na watu wa mume kuliko na mume. Upande wa pili wa ua aliishi Nzilani, mke wa Kyule, kaka yake Musembi. Katikati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na nyumba ya mama mkwe wao, Kavindu, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na macho yanayoona kila kitu.

Wivu kati ya wake wa ndugu wawili si habari mpya. Mmoja ana mabati mapya, mwingine ana ng'ombe. Lakini Nzilani hakuwa na chochote ambacho Ndila hakuwa nacho. Nyumba zao zililingana, watoto wao walisoma shule moja, waume wao walikuwa na tabia zilezile za kunyamaza. Wivu wa Ndila ulianzia mahali ambapo mimi sijawahi kuona wivu ukianzia.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, wote wako kwa Kavindu wanakunywa chai na chapati. Nzilani alikuwa akieleza jambo fulani kuhusu kwaya. Akakata chapati yake katikati, akala nusu, nusu nyingine akaiacha kwenye sahani na kuendelea kuongea.

"Mama Kaveke," Kavindu akamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "hiyo chapati imekukosea nini?"

"Imenitosha, mwaitu," Nzilani akajibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Nusu? Wewe tumbo lako ni la kifaranga?"

"La kifaranga kabisa, mwaitu. Hata nikifa mtanibeba kwa kikapu."

Watu wakacheka. Ndila hakucheka. Alikuwa amemaliza tatu na macho yake yalikuwa kwenye ile nusu. Alingoja Nzilani airudie. Nzilani hakuirudia. Hata hakuitazama, aliisahau kama mtu anavyosahau jiwe alilolipita njiani. Wakati wa kutoa vyombo, Ndila alibeba sahani ile mwenyewe, na alipofika jikoni aliila ile nusu akiwa amesimama, akiupa mlango mgongo.

Kuanzia siku hiyo swali moja lilimkaa kifuani: anaachaje? Yeye hakuwahi kuacha. Hakula kwa njaa. Alikula ugali baridi na chumvi asubuhi kabla ya kuwasha moto. Alilamba sukari kwa kijiko. Njugu zilikaa kwenye mfuko wa aproni yake, na makaratasi ya biskuti aliyasukuma chini kabisa ya rundo la kuni, ambako aliamini hakuna atakayetazama. Kavindu alitazama. Baada ya kula, Ndila alijichukia, na chuki hiyo ilipomlemea alikula tena. Kisha alichungulia upande wa pili wa ua, akamwona Nzilani akimpa kuku makombo kutoka kwenye sahani yake, na moyo ukamuuma kama wa mtu aliyeibiwa.

Kitu cha pili kilikuwa simu. Musembi aliinunua ili waongee, lakini wao waliongea kidogo. Zilizobaki zilikuwa saa za kutazama video fupi zinazofuatana bila mwisho, mtu akianguka, mtu akicheza, mtu akipika, na zaidi ya yote stetasi za Nzilani, zile picha za wosapu ambazo mtu huweka zikakaa siku moja zikatoweka. Nzilani aliweka picha za kawaida tu: mbuzi amezaa, kwaya imevaa sare, mawingu. Simu humwonyesha mwenye picha majina ya waliotazama.

"Mama Mutie, wewe huwa wa kwanza kunitazama," Nzilani alimtania siku moja kisimani, maana Ndila naye ni mama wa Mutie. "Hata jogoo unamshinda. Siku nikichelewa kuweka picha utakuja kunigongea?"

"Ni simu tu hujifungua yenyewe," Ndila akajibu.

"Na kidole nacho hujisukuma chenyewe?"

Ulikuwa utani, nao ulimchoma kwa sababu ulikuwa kweli.

Watu walijaribu kumsaidia. Muuguzi wa zahanati alimwambia kwamba magoti yake na presha yake vinatokana na uzito. Mchungaji akamshauri afunge na kuomba. Akafunga, na namsifu kwa hilo, alifunga kwa dhati. Lakini muda wote ambao mdomo ulipumzika, kidole hakikupumzika. Alitazama simu akichota maji, akichambua mboga, hata kanisani alitazama akiwa ameificha ndani ya Biblia. Kavindu akaichukua simu akaizika ndani ya gunia la mahindi. Simu ilipokuwa gunini, sukari ya nyumba nzima iliisha. Aliporudishiwa, mambo yote mawili yakawa pamoja, moja likiliita jingine. Tulifikiri ana tabia mbili mbaya za kukatwa moja moja. Hatukuuliza ni nini kilichokuwa chini yake. Ningeulizwa sasa ningesema: wivu ndio uliozilisha zote.

Basi mwaka jana, kabla ya mvua za Novemba, kikundi kiliamua kuchimba silanga, shimo pana la kuvuna maji ya mvua, katika kila boma la mwanachama. Anayepata silanga kabla ya mvua hunywesha mifugo na kumwagilia mboga mwaka mzima bila kwenda mtoni. Anayekosa hungoja mwaka unaofuata. Zamu zilipangwa kwa kuokota vizibo vya soda vilivyoandikwa namba kutoka kwenye kofia ya mwenyekiti wetu, Mwangangi. Ilikuwa wazi kwamba maboma yote hayatafikiwa kabla ya mvua. Nzilani akaokota kizibo cha kwanza. Ndila akaokota cha karibu na mwisho.

Nzilani akasimama. "Mwenyekiti, mimi naomba tubadilishane na mama Mutie. Magoti yake yanamsumbua, na njia ya mto mnaijua. Mimi nichukue chake."

Watu walipiga makofi. Mama mmoja alifuta machozi. Mwangangi alisema zamu ya kwanza itakuwa ya Ndila, lakini likitokea lolote itarudi kwa aliyeitoa. Walipokuwa wakirudi nyumbani, Ndila akamshika Nzilani mkono.

"Kwa nini umenipa?"

"Si unahitaji?"

"Na wewe huhitaji?"

"Nahitaji. Lakini mimi naweza kungoja."

Mwingine angelia kwa shukrani. Ndila alisikia maneno hayo mawili tu, naweza kungoja, akaona ile nusu chapati tena. Mwanamke huyu angeweza kuacha hata maji. Angeweza kuyaacha mezani akaendelea kuongea.

Akampigia mume wake simu jioni hiyo. "Musembi, nitafutie unga wa ngano, bale nzima. Na mafuta."

"Wa nini? Mwethya si hula muthokoi wa mahindi na maharagwe?"

"Nataka wakila kwangu wasahau kama kuna mtu mwingine anapika hapa."

"Ndila, watu wanakuja kuchimba. Hawaji harusi."

"Unatuma ama hutumi?"

Akatuma, kwa dereva wa lori anayefahamiana naye, mpaka njia panda.

Siku ya kazi ilipofika, Ndila alifanya kosa la kwanza. Desturi yetu ni kwamba mpishi wa mwethya hasimami jikoni peke yake. Huwa na mwenzake wa kusukuma unga na kuchochea moto, na wawili hao huchungana bila kuambizana. Kavindu alikuja na mwiko wake tayari.

"Rudi ukapumzike, mwaitu. Nitaweza."

"Chapati za watu wote hawa, peke yako?"

"Nimesema nitaweza."

"Haya. Lakini pua yangu itabaki hapa ikikusaidia."

Hakutaka sifa igawanywe. Na niseme ukweli, asubuhi ile alipika vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Pojo zilichemka na nyanya na dania, na chapati zilipangwa moja juu ya nyingine mpaka zikawa mlima. Hakugusa hata moja. Akapiga picha mlima huo, akaiweka kwenye stetasi yake, akaandika: Karibuni kwangu.

Kule shimoni simu zikatolewa mifukoni. Nthiwa, mzee mcheshi ambaye hukaa karibu na wanawake kwa sababu ndio wanaocheka, akaitazama picha na kupiga kelele. "Wenzangu, leo tutakula mpaka tushindwe kupanda kutoka humu! Watatufukia na shibe yetu!" Majembe yakaenda kasi. Nusu ya shimo ilikuwa imechimbwa kabla jua halijapanda sana.

Naye Nzilani, akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, aliweka picha yake: wanawake wamepanga mstari wakipokezana udongo kwa karai. Akaandika: Silanga ya dada yangu. Mungu ni mwema.

Ndila aliiona mara moja, wa kwanza kama kawaida. Kisha majibu yakaanza kumiminika kwenye wosapu ya kikundi. Mungu akubariki mama Kaveke kwa moyo huo. Mama Kaveke wewe ni mfano. Shimo lilikuwa la Ndila, unga ulikuwa wa Ndila, moshi ulikuwa kwenye macho ya Ndila, na sifa zilikuwa za Nzilani. Akatazama picha yake mwenyewe ya chapati. Ilikuwa imetazamwa na wengi, ikajibiwa na Nthiwa tu, kwa kikaragosi cha mtu anayejilamba.

Akachukua chapati moja, akaikunja, akala akiwa amesimama. Simu ikalia tena. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye simu, wa kulia ukaenda kwenye chapati. Akasoma sifa, akatafuna; akasoma nyingine, akatafuna. Hakusikia ladha. Baadaye alimwambia Kavindu kwamba hakumbuki chapati yoyote isipokuwa ile ya kwanza, nami naamini. Alipoinua macho, mlima ulikuwa umebaki kichuguu, na unga ulikuwa umeisha. Akashika kisu, akaanza kuzikata zilizobaki vipande vinne vinne.

Watu wakapanda kutoka shimoni, wakanawa, wakapanga mstari. Ndila akapakua bila kuwatazama usoni.

"Mama Mutie," Nthiwa akainua kipande chake juu kama mtu anayekagua noti, "hii ni chapati au ni meza ya Bwana? Basi mtuletee na divai."

Wakacheka, lakini kicheko kilikatika haraka, kwa sababu mstari ulikuwa bado mrefu. Waliokuwa mwisho walipata pojo tupu. Mwisho kabisa walikuwa mzee Nyamai, aliyechimba kuwashinda vijana, pamoja na Nzilani, aliyebaki nyuma kuosha majembe ya wote. Sahani zao zilirudi na mchuzi.

Mwangangi akauliza kwa upole, "Zile chapati tulizoziona kwenye simu ziko wapi?"

Ndila alikuwa na majibu mengi ya kuchagua. Angesema zilimshinda. Angesema amekula. Tungechukia, tungemsamehe, sisi ni watu wa kanisa na wengi wetu tuna aibu zetu. Badala yake alinyoosha kidole.

"Muulizeni mama Kaveke. Yeye ndiye aliyekuja hapa jikoni kuchukua mtungi wa maji. Alipotoka zilikuwa zimepungua."

Nzilani alimtazama, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Mimi? Mimi chapati moja hunishinda. Kila mtu hapa anajua."

"Hiyo ni kweli," Kavindu akasema kutoka mlangoni pake. "Huyo ningemshika na nusu."

Nthiwa alikuwa ameichukua simu ya Ndila kutoka kwenye kigoda ili aonyeshe picha ile tena. Akaigeuza, akafuta kidole kwenye shati. "Jamani. Hii simu imekaangwa?" Kioo kizima kilikuwa kimejaa mafuta, alama za vidole juu ya alama za vidole, na punje ya unga ulioungua imenata pembeni. Ikapita mkono kwa mkono.

Nzilani alisogea karibu. "Mama Mutie, ungesema tu una njaa."

"Sina njaa!" Ndila akapiga kelele. Na tangu tushike mstari, hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli.

"Basi yaishe," Nzilani akawageukia wengine. "Mimi nimeshiba huu mchuzi. Mzee Nyamai nitampikia kwangu. Tumalize shimo."

Watu walikuwa tayari. Wengine waliinama kuokota majembe. Lakini Ndila alimfuata mpaka katikati ya ua. "Usiniachie! Umesikia? Usiniachie kitu tena. Zamu uliniachia, na sasa unaniachia hata kosa!"

Mwangangi akainua mkono. "Mama Mutie, sheria unaijua, lakini aliyenyimwa chakula amesamehe. Mimi nakuomba jambo moja tu. Rudisha neno ulilosema juu ya mama Kaveke, sisi turudi shimoni."

Neno moja. Silanga nzima ilikuwa imening'inia kwenye neno hilo, na magoti yake, na mwaka wake. Tulingoja. Nilimtazama usoni, nikaona kwamba hakuwa akituona sisi wala shimo. Alimwona Nzilani tu, aliyesimama pale na sahani mkononi, ambayo ndani yake, baada ya jua lote lile, mchuzi ulikuwa umebaki.

Hakusema. Mwangangi akafunga majembe kwa kamba.

Wiki iliyofuata tulichimba upande wa pili wa ua. Kavindu na Nzilani walipika muthokoi, wakatosheleza kila mtu. Mvua zilikuja mapema, kwa nguvu, na silanga ya Nzilani ikajaa mpaka ukingoni. Kesho yake alimtumia Ndila ujumbe: Njoo uchote, maji ni yetu sote. Ndila aliusoma. Hakujibu wala hakwenda. Shimo lake la nusu halikuwa na kina wala karatasi ya kuzuia maji; yaliyoingia yalizama ardhini, na sasa limeota magugu na mbuzi hulala humo. Musembi alipokuja mwisho wa mwezi alilizunguka, akauliza, akaambiwa na mama yake. Kisha akaingia ndani.

Bado anakula. Bado simu iko mkononi, na Nzilani, kabla hajaacha kuweka picha kwa kuona aibu kwa niaba yake, bado alimkuta wa kwanza kwenye majina. Siku hizi anapita nyuma ya maboma, si mbele, akienda mtoni na mtungi, akipumzisha magoti kila anapopata jiwe.

Sitamtukana. Lakini sitasema kwamba ugonjwa wa kula ndio uliomwangusha, wala simu, kwa sababu siku ile vyote viwili vilikuwa vimeshasamehewa. Alikataa kurudisha neno moja kwa mtu aliyemwonea wivu, na neno hilo lilimgharimu silanga. Maji ya mvua iliyonyesha mlangoni pake, leo anayafuata kwa miguu mpaka mtoni.